Mwenye Nyumba Naye ni Mpangaji

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mambo ya Walawi 19:9, 10, 25:23, 35–37, Mwanzo 23, Yeremia 32:6–15, Kumbukumbu la Torati 22:8, 24:10–13, Mathayo 18:23–35, Isaya 65:21, 22.

Fungu la Kukariri: Mambo ya Walawi 25:23. Lisome katika Biblia yako kila siku ya juma hili.

Popote Jiji la Arusha linapopanuka, iwe Moshono, Olasiti, Muriet, Ngaramtoni au njia ya Usa River, kuna safu za vyumba vya kupangisha. Vingi havikujengwa na matajiri. Vimejengwa na walimu, wauguzi, askari, akina mama wa sokoni na watumishi wa kanisa. Wengine walitumia kiinua mgongo, wengine mkopo wa SACCOS, na wengine walinunua tofali kidogo kidogo kwa miaka mingi. Biblia haiwalaumu. Mwanamke anayesifiwa katika Mithali 31:16 huangalia shamba, akapima, akalinunua, na kulipanda kwa mapato ya mikono yake.

Hata hivyo, biashara hii ina jambo lake la pekee. Anayenunua debe la mahindi sokoni huondoka nalo na shughuli imekwisha. Anayepangisha chumba anauza mahali pa mtu mwingine kulala, kupika, kuugua na kupiga magoti. Mkataba ukiwa mbaya, ubaya wake hulala na mtu usiku na kuamka naye asubuhi.

Mfano ufuatao utatumika juma lote. Mwalimu mstaafu, mjane, amejenga vyumba vitano Moshono. Kila chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi, na kodi hulipwa miezi sita kwa mkupuo. Marejesho yake ya SACCOS ni shilingi 150,000 kila mwezi. Chumba kimoja anaishi kijana mpagazi wa mlimani, na mkewe na mtoto mchanga. Aliingia Novemba, na kodi yake imekwisha Aprili. Sasa ni masika, na mlimani wageni ni wachache. Tarehe 1 Mei anabisha hodi: "Shikamoo, mama mwalimu. Naomba univumilie hadi mwisho wa Juni, wageni wakirudi nitalipa." Marejesho ya SACCOS ni tarehe 5. Kodi za vyumba vingine zilikwisha kutumika kununua tangi la maji na kuezeka upya. Siku ya Sabato mama huyu na kijana huyu huketi katika darasa moja la Shule ya Sabato.

Afanye nini? Ni rahisi kujibu kwa haraka kwamba asamehe, au kwamba biashara ni biashara. Somo hili linaomba tusijibu haraka.

JUMAPILI

Ardhi ni ya Nani?

Soma Mambo ya Walawi 25:23. Je, Mungu anatoa sababu gani ya kukataza ardhi isiuzwe moja kwa moja? Anawaitaje Waisraeli katika fungu hili?

Israeli walikuwa bado hawajaingia katika nchi ya ahadi. Kila ukoo ungepewa sehemu yake, yenye mipaka inayojulikana. Kabla hawajapiga hata kigingi kimoja, Mungu aliwaambia kwamba nchi ni yake, na kwamba wao ni wageni wanaokaa kwake. Yaani kila mwenye shamba katika Israeli alikuwa mpangaji. Alikuwa na haki ya kulima, kujenga, kurithisha na hata kuuza mavuno ya miaka kadhaa, lakini juu yake alikuwepo Mwenye nchi.

Mtanzania hapaswi kuona wazo hili kuwa geni. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi yote nchini ni ya umma, na Rais ameikabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Anayepewa hati mjini hupewa haki ya kutumia ardhi kwa muda, kwa mfano miaka 33, 66 au 99. Hata aliyejenga ghorofa Njiro, akiisoma hati yake vizuri, atakuta tarehe ya mwisho. Sheria ya nchi si Maandiko, lakini katika jambo hili inamkumbusha mwenye nyumba ukweli ambao Musa aliuandika kwanza.

Wakazi wa Meru wana kumbukumbu yao chungu kuhusu swali hili. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wapatao 3,000 katika eneo la Ngare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, ili ardhi hiyo wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Wameru walikusanya fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza dhuluma hiyo. Walioamuru uhamisho walikuwa na karatasi, mihuri na askari. Kwa sheria yao wenyewe walikuwa na haki, lakini haki ya karatasi haikuwa haki mbele za Mungu.

Hapo ndipo msingi wa somo hili ulipo. Mtu anayejiona kuwa mmiliki wa mwisho huuliza, "Mkataba unaniruhusu kufanya nini?" Mtu anayejua kwamba naye ni mpangaji huuliza swali la pili: "Mwenye nchi amenitendea nini mimi, ninapochelewa?" Kila anayesoma somo hili amewahi kumchelewesha Mungu, na bado amelala ndani usiku wa jana.

Je, ni nani katika familia yako au jirani yako aliyewahi kuondolewa mahali alipoishi? Habari hiyo inakufundisha nini kuhusu namna ya kumtendea anayeishi kwako?

JUMATATU

Kununua Langoni

Soma Mwanzo 23:7–18 na Yeremia 32:9–14. Orodhesha hatua zote zilizofuatwa katika manunuzi haya mawili. Kwa nini Biblia inaandika mambo madogo kiasi hiki?

Ibrahimu alikuwa amefiwa na mkewe, na mfiwa mara nyingi hukubali lolote. Efroni alimwambia kwa maneno mazuri kwamba achukue shamba tu. Ibrahimu hakupokea ukarimu usio na ushahidi. Alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote waliokuwa langoni pa mji, na shamba likathibitishwa kuwa lake pamoja na pango na miti yote ya mipakani. Yeremia naye alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17. Aliandika hati, akaweka mashahidi, na hati mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, zikawekwa katika chombo cha udongo ili zidumu.

Habari hizi zinaonyesha kwamba kuandika si dalili ya kutoaminiana. Kuandika kunawalinda wasiokuwepo mezani: wajane, watoto, na wale ambao bado hawajazaliwa.

Kwenye miteremko ya Mlima Meru mashamba ya kahawa na migomba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi yamekuwa vipande vidogo. Jiji linasogea, na bei inapanda. Kijana mwenye haraka ya fedha humfuata dalali, na dalali humfuata Mkristo mwenye akiba. Bei ni nzuri, lakini mama wa kijana hajui, na mke wake ataisikia habari hiyo siku atakapoona mawe ya mipaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hata pale sheria isipofika, dhamiri ya Mkristo inafika. Ukinunua gizani unanunua ugomvi, na mpangaji wako wa kwanza atakuwa shahidi wa ugomvi huo.

Kuna jaribu jingine lililofichika zaidi. Ndugu ana mgonjwa hospitalini, naye anauza kiwanja chake kwa nusu ya bei ili apate fedha za matibabu leo. Mnunuzi hakusababisha ugonjwa, na muuzaji amekubali mbele ya mashahidi. Karatasi zote ziko sawa. Soma Mika 2:1, 2 na Mambo ya Walawi 25:14. Sheria ya Musa ilijua kwamba ununuzi halali unaweza kuwa uonevu, ikiwa mmoja ananunua kwa kupenda na mwingine anauza kwa kulazimika. Katika mlango uo huo, Walawi 25:25 inamwagiza ndugu wa karibu aje kukomboa kilichouzwa kwa sababu ya umaskini. Neno la Mungu halimwulizi mwenye akiba kwanza kama bei ni nafuu. Linamwuliza kama angeweza kuwa mkombozi badala ya mnunuzi: kumkopesha ndugu yake fedha za hospitali, na kumwachia kiwanja chake.

Ni wakati gani bei nafuu huwa baraka, na ni wakati gani huwa mtego?

JUMANNE

Ukuta wa Darini

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Ni nani anayewajibika mtu akianguka kutoka darini? Kwa nini Mungu aliweka jambo la ujenzi katika sheria yake?

Katika nchi za Biblia dari la nyumba lilikuwa tambarare, na watu walikaa juu yake jioni. Mungu aliagiza kila anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mfupi kuzunguka dari, ili damu ya mtu isiwe juu ya nyumba yake. Mwenye nyumba hakuruhusiwa kusema, "Aliyeanguka hakuwa mwangalifu." Hatari iliyotazamiwa na isiyozuiwa ilihesabiwa kuwa kosa la mjenzi.

Vyumba vya Arusha havina dari za namna hiyo, lakini vina hatari zake. Juni na Julai baridi ya Meru ni kali. Mpangaji asiye na namna nyingine huingiza jiko la mkaa ndani, anafunga mlango na kulala. Moshi usioonekana wa mkaa huua bila kelele. Katika chumba kama hicho, dirisha pana na tundu la hewa ukutani ndio ukuta wa darini. Vinagharimu kidogo wakati wa kujenga, na baadaye havikumbukwi kwa sababu mwenye nyumba halali humo.

Hatari ya pili iko kwenye maji. Maji ya visima na chemchemi nyingi kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu kuwa miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya eneo hili yanazidi hapo. Meno ya watoto hubadilika rangi, na kwa anayeyanywa miaka mingi hata mifupa huathirika. Huko Ngurdoto kipo kituo ambacho kimetafiti kwa muda mrefu namna ya kupunguza floraidi kwa mkaa wa mifupa. Mwenye nyumba aliyechimba kisima na kuwauzia wapangaji maji bila kuyapima, au aliyeyapima akanyamaza, amejenga dari bila ukuta. Si lazima awe na uwezo wa kuyasafisha. Lakini ni lazima aseme ukweli, ili mama mwenye mtoto mchanga ajue maji ya kunywa ayatafute wapi.

Liko pia jambo dogo la fedha. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ni deni la mwenye jengo, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Kwa hiyo kila mwezi kiasi kidogo hutoka mfukoni mwa asiyehusika, na wengi hawajawahi kurudishiwa. Vivyo hivyo pale mita moja inapohudumia vyumba vitano, na mwenye nyumba akapanga bei ya umeme anavyotaka. Soma Luka 16:10. Yesu anasema uaminifu hupimwa katika lililo dogo. Makato hayo ya LUKU ni madogo kiasi kwamba hakuna atakayekwenda barazani kuyadai, na kwa sababu hiyo hiyo yanafaa kuwa kipimo cha moyo.

Zunguka nyumba yako, au nyumba unamoishi, kana kwamba mwanao ndiye atakayelala humo. Unaona "dari" gani lisilo na ukuta?

JUMATANO

Pembe za Shamba

Soma Mambo ya Walawi 19:9, 10 na Ruthu 2:2–16. Ruthu alipofika shambani, chakula chake kilitoka wapi? Kiliandaliwa lini?

Boazi alikuwa mtu mwema, lakini Ruthu hakuokolewa na wema wa ghafla peke yake. Muda mrefu kabla hajavuka kutoka Moabu, Mungu alikuwa amewaagiza wenye mashamba wasivune hadi pembeni. Rehema iliwekwa ndani ya hesabu ya shamba kabla mhitaji hajaonekana. Aliyevuna kila suke na kuliahidi kwa mdai wake asingekuwa na kitu cha kumwachia Ruthu, hata kama angelia naye.

Hapa ndipo wawekezaji wengi wadogo hukosea, na kosa lao si la roho mbaya. Wanapiga hesabu hivi: vyumba vitano, mara shilingi 50,000, mara miezi kumi na miwili, ni shilingi 3,000,000. Kisha wanachukua mkopo unaokula karibu zote. Hakuna mwezi wa chumba kukaa kitupu, hakuna bomba kupasuka, hakuna mpangaji kuugua. Shamba limevunwa hadi mpakani kabla halijapandwa.

Arusha imekwisha kufundishwa kuhusu hesabu za namna hiyo. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikuwa jijini kwa miaka ishirini, na watumishi wake walihitaji nyumba nzuri. Ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015, na hitaji hilo likaondoka nayo. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, walikuwa takribani 620,000. Kila mtalii ambaye hakuja alikuwa na dereva, mpishi, mpagazi na mhudumu wa hoteli ambaye hakulipwa, na wengi wao ni wapangaji wa mtu fulani. Soma Luka 12:16–21. Tajiri wa mfano ule hakuiba. Kosa lake lilikuwa hesabu ambayo ndani yake hakukuwa na Mungu wala jirani.

Vipi kuhusu kodi ya miezi sita kwa mkupuo? Sheria iliyodhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo jambo hili limeachiwa zaidi makubaliano. Mwenye nyumba ana sababu zake za haki: bati hununuliwa kwa fedha ya mkupuo, na wapo wapangaji wanaohama usiku. Lakini kwa mpagazi shilingi 300,000, pamoja na mwezi mmoja wa dalali, ni ukuta mrefu. Mara nyingi huuruka kwa kukopa kwa riba, na riba hiyo ndiyo inayomchelewesha kipindi kinachofuata. Mkataba wa mwalimu mstaafu ulimdai kijana fedha nyingi katikati ya masika, mwezi ambao kila mkazi wa Arusha anajua kwamba mlimani hakuna kazi. Haukuwa mkataba wa uonevu. Uliandikwa kwa kufuata kalenda ya mwenye nyumba peke yake.

Basi hekima ya Walawi inaweza kusemwa kwa lugha ya leo: piga hesabu ya miezi kumi, si kumi na miwili. Miezi miwili ya kila chumba ni pembe za shamba. Ikiwa mkopo haulipiki kwa miezi kumi, mkopo huo ni mkubwa mno, au vyumba vianze vitatu badala ya vitano. Na mkataba ufuate msimu wa anayelipa: alipe zaidi wageni wanapokuwepo, na kidogo mvua zinaponyesha. Rehema ya namna hii haihitaji machozi. Inahitaji kalamu, kabla msingi haujachimbwa.

ALHAMISI

Mlangoni pa Mdaiwa

Soma Kumbukumbu la Torati 24:10–13. Mdai anaruhusiwa kufika wapi? Kwa nini asimame hapo?

Fungu hili ni la ajabu. Deni ni halali, na rehani imekubaliwa. Hata hivyo mdai haruhusiwi kuingia nyumbani mwa mdaiwa. Lazima asimame nje, na mdaiwa amletee mwenyewe. Na rehani ikiwa ni vazi la kulalia, lirudishwe kabla jua halijazama. Mungu hakufuta deni. Alilinda mlango. Maskini anaweza kuwa na deni na bado akawa baba mbele ya watoto wake.

Mambo yanayofanyika mitaani yanajulikana: kufuli juu ya kufuli, umeme kukatwa, vyombo kutolewa nje mvua ikinyesha, mlango kung'olewa, jina la mdaiwa kutajwa mbele ya wapangaji wengine. Pengine hata kanisani huombwa "maombi maalumu" ambayo kila mtu anaelewa yanamhusu nani. Anayefanya hivyo amevuka kizingiti ambacho Mungu alimwambia asikivuke.

Sasa turudi kwa mwalimu mstaafu. Soma Mathayo 18:23–35. Wengi watasema mfano huu umemaliza kesi: aliyesamehewa asamehe. Lakini kuna jambo linalohitaji kutazamwa kwa uaminifu. Yule mfalme alisamehe fedha zake mwenyewe. Fedha ambazo mama mwalimu anadaiwa na SACCOS ni akiba za wanachama wengine: muuza ndizi wa Tengeru, fundi cherehani wa Ngarenaro, mjane mwenzake. Akimsamehe kijana kisha asirejeshe mkopo, atakuwa amefanya ukarimu kwa mifuko ya watu maskini wasioulizwa. Rehema ya kweli humgharimu anayeitoa.

Kwa hiyo njia yake si pana, lakini ipo. Kwanza, aseme ukweli kama kijana alivyosema ukweli: "Marahaba, mwanangu. Keti. Sikutoi. Lakini nami nina deni la tarehe 5, na fedha yenyewe ni ya watu." Wengi hawajawahi kumwonyesha mpangaji mzigo wao, wanadhani heshima ya mwenye nyumba ni kuonekana hana shida. Pili, aende SACCOS kabla ya tarehe 5, si baada yake, aombe kupangiwa upya marejesho. Anayemwombea mwenzake muda hana aibu kuomba muda yeye mwenyewe. Tatu, wakubaliane kwa maandishi mbele ya mjumbe au mzee wa kanisa: kijana alete kila juma anachopata kwa vibarua, hata kikiwa kidogo, na wageni wakirudi alipe kwa mwezi badala ya miezi sita. Nne, kile kitakachopungua kitoke kwenye kilicho chake mama mwenyewe: sukari, nauli, kitenge alichokuwa ameazimia kununua. Hapo atakuwa amerudisha mwenyewe pembe za shamba alizosahau kuziacha.

Kijana naye ana sehemu yake. Soma Warumi 13:7, 8 na Zaburi 37:21. Imani moja si sababu ya kuchelewesha kodi, na mwenye nyumba wa kanisani asiwe wa mwisho kulipwa kwa kuwa ni mpole. Alifanya vema kubisha hodi tarehe ya kwanza, kabla hajafuatwa. Angefanya vema zaidi kama angebisha Machi, alipoona msimu unaisha.

Na ikiwa mpangaji ana fedha lakini anadanganya, miezi ikapita, na wazee wakashindwa kuwapatanisha? Uvumilivu haumlazimishi mtu kudhulumiwa bila mwisho. Atoe notisi kwa maandishi, afuate utaratibu, na ikibidi jambo liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hata huko, aliyesimama nje ya mlango atakuwa na dhamiri safi kuliko aliyevunja kufuli.

Je, kuna mtu unayemdai, au anayekudai, ambaye mmekuwa mkikwepana hata kanisani? Ungeanza na neno gani la ukweli juma hili?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma Mambo ya Walawi 25 yote kwa mkupuo, ukiangalia jinsi mwaka wa yubile ulivyorudisha ardhi na uhuru. Soma pia Nehemia 5:1–13. Watu waliokuwa wakijenga ukuta wa Yerusalemu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao kwa ndugu zao wenyewe, na kazi ya Mungu ilikuwa karibu kukwama kwa sababu ya kilio hicho. Nehemia hakuhubiri juu ya ukarimu kwa jumla. Alianza na yeye mwenyewe na nyumba yake, akataja mashamba, nafaka na riba, na akataka jibu mbele ya mkutano.

Kisha soma Matendo 28:30, 31. Kitabu cha Matendo kinafungwa Paulo akiwa katika nyumba ya kupanga huko Rumi. Kwa miaka miwili alipokea wote waliomjia, akauhubiri ufalme wa Mungu, naye alikuwa mfungwa aliyelindwa na askari. Biblia haimtaji mwenye nyumba ile. Hatujui alidai kodi kwa mwezi au kwa mwaka. Tunajua tu kwamba Injili ilikuwa na mahali pa kukaa, na mahali hapo palikuwa pa kupanga. Mwenye vyumba vitano Moshono hajui ni nani analala katika chumba cha tatu, wala Mungu amemkusudia nini.

Mwisho, soma Isaya 65:21, 22 na Yohana 14:2, 3. Katika nchi mpya watu watajenga nyumba na kukaa ndani yake wao wenyewe. Hawatajenga ili mwingine akae. Hakutakuwa na dalali wala notisi. Siku hiyo mwalimu mstaafu na mpagazi watapokea makao kwa namna moja, bila kustahili, kutoka kwa Yeye aliyekwenda kuwaandalia mahali. Hakuna kati yao atakayekuwa amelipa kodi ya miezi sita.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasani kwenu wamo wenye nyumba na wapangaji. Kila upande uutaje mzigo mmoja ambao upande mwingine hauufahamu. Mwalimu wa darasa ahakikishe hakuna jina la mtu linalotajwa.

2. Mwenye nyumba analipwa kodi ya miezi sita leo, na nusu yake inakwenda kulipa mkopo. Zaka aitoe katika kiasi gani, na lini? Jadilini kwa kutumia Mithali 3:9, 10, bila kumhukumu anayefikia jibu tofauti.

3. Fremu iliyo mbele ya nyumba yako imekaa tupu miezi minne. Anakuja mtu anayelipa mwaka mzima, fedha mkononi, anataka kufungua baa. SACCOS wanakudai. Je, "mimi nimepangisha tu" ni jibu linalotosha mbele za Mungu? Tumieni Habakuki 2:15.

4. Sabato imeangukia tarehe ya mwisho wa mwezi, na mpangaji asiye mwamini anakuja mchana na fedha ya kodi. Utampokeaje ili Sabato iheshimiwe, naye asijisikie amefukuzwa?

5. Je, kanisa lenu linaweza kutenga "pembe za shamba" za pamoja, yaani mfuko mdogo wa kumsaidia mshiriki anayekaribia kutolewa nyumbani? Nani asimamie, na ni tahadhari gani zichukuliwe ili mfuko huo usigeuke chanzo cha uvivu au upendeleo?